Maili 118,000: Porsche Boxster ya 2003 niliyoinunua Nyali

"Kilomita laki moja na elfu kumi na nane tu, dada yangu. Gari bado bichi hili." Dalali alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mwarobaini, Nyali, Mombasa, kibarazani mwa nyumba moja nyuma ya Links Road, mkono juu ya paa la turubai. Nikainama nikachungulia ndani. Saa ya mwendo ilikuwa ya maili. Kabla sijasema neno, mwenye gari akatoka na kikombe chake cha kahawa, mzee daktari aliyestaafu, tukasalimiana, kisha akasema, "Ni maili hizo, binti yangu. Kwa kilomita hesabu laki na tisini. Mimi nimeliendesha gari langu, sikulifuga."

Dalali akanyamaza. Mimi hapo hapo moyo ulishaamua, ikabaki kazi ya fundi.

Miaka kumi na tisa nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Vitz, Probox, Harrier, Prado, zimepita mikononi mwangu hata sina hesabu yake. Porsche huja chache, na za viti viwili ni chache zaidi. Nakumbuka ya kwanza niliyoiona ikiteremshwa melini, ilivyokaa chini na mabega yake mapana, hata makuli waliacha kubishana wakaitazama. Tangu siku ile nilikuwa naitaka. Lakini Boxster ya kizazi cha kwanza, ambayo wenyewe huiita 986, ilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2004, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Zilizoko nchini ndizo hizo hizo, zinapita kutoka mkono huu hadi ule. Ukiitaka, lazima ukubali gari lenye umri, na lazima umjue aliyekuwa nalo.

Nilikuwa nimeshaona jingine Kizingo. La rangi ya fedha, limefunikwa turubai, maili 41,000. Kila niliyemwambia alisema kimbilia. Fundi wangu aliingia chini yake na tochi, akatoka na vidole vyeusi. Sili zilikuwa zimekauka na oili inatona pale injini inapoungana na gia. Tairi zilikuwa na mipasuko ubavuni na namba 2311, yaani zimetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tulipofungua kifuniko cha tangi, petroli ilinuka kama vanishi. Gari limekaa miaka katika joto na chumvi ya pwani bila kuwashwa, na mwenyewe hana hata risiti moja, lakini bei yake ilikuwa juu kuliko la Nyali kwa laki saba. Tuliaga tukaondoka.

La mzee lilikuja na mfuko wa kitambaa uliojaa karatasi. Kitabu cha sevisi kutoka Uingereza. Vyeti vya MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka wa kule, kuanzia 2006, kila kimoja na maili zake, zikipanda mwaka hadi mwaka, hazirudi nyuma wala hazikwami. Gari liliingia Mombasa mwaka 2010 na maili 61,000. Baada ya hapo linaanza daftari la mkono wa mzee mwenyewe: tarehe, maili, oili gani, lita ngapi, nani alifanya. Na ndani ya daftari, imekunjwa mara nne, risiti ya 2016 ya gereji moja ya Nairobi: klachi mpya, sili ya nyuma ya injini, beringi ya IMS.

Hiyo beringi nieleze, kwa sababu ndiyo inayowatoa watu jasho. Injini ya gari hili ina silinda sita zilizolala ubavu, tatu huku na tatu kule. Kuna shafti ya kati, ndiyo hiyo IMS, inayopokea mzunguko kutoka kwa krenki na kuupeleka kwa kamshafti, na mwisho wake mmoja umeshikwa na beringi. Beringi ile ikilika, chuma chake husambaa kwenye oili na injini yote inakwisha. Si magari mengi yaliyofikwa na hilo, lakini wenye magari Marekani walikwenda mahakamani, na shauri likaishia kwa makubaliano juu ya magari yaliyotengenezwa kati ya 2001 na 2005. La mwaka 2003 limo katikati kabisa. Kuifikia beringi lazima gia ishushwe, ndiyo maana anayejali huibadilisha siku ile ile anayobadilisha klachi. Mzee alifanya hivyo. Niliisoma ile risiti mara mbili, nikairudisha kwenye mkunjo wake.

Siku ya ukaguzi tulilipeleka gereji yenye shimo, Shimanzi. Fundi alipofungua boneti ya mbele, vijana wa jirani waliosogea kutazama wakaulizana injini iko wapi. Mbele kuna gurudumu la akiba na nafasi ya begi. Injini iko katikati, nyuma ya viti, na hata ukifungua buti la nyuma hukuti ila kifuniko cha oili na kifuniko cha maji. Kwa hivyo ukienda kulitazama gari hili barabarani, ukalizunguka na kulipiga teke tairi, hujaona kitu. Fundi alianza kwa kuinua zulia la buti la nyuma na kupapasa chini yake. Pakavu. Tangi la maji la plastiki liko hapo, na likipata ufa, zulia ndilo hulowa kwanza. Kisha akamwaga oili, akatoa filta, akaichana karatasi yake na kuitandaza juani juu ya kipande cha bati. Tukaipekua mkunjo kwa mkunjo, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukitafuta chochote kinachong'aa. Ilikuwa nyeusi tu, weusi wa oili ya kawaida. Nilishusha pumzi.

Halafu akavua bampa ya mbele. Rejeta ni mbili, moja kila pembe, na mbele ya kila moja imesimama kondensa ya AC. Baina ya kondensa na rejeta ya kushoto kulikuwa na majani ya mwarobaini yaliyoshikana na mchanga na vumbi la miaka, unene wa kidole changu. Alipoyavuta yalitoka kipande kizima kama mkeka, upande mmoja umechorwa mistari ya rejeta. "Dada, gari limekuwa likipumua kwa pua moja," akasema. Mzee alikuwa analiosha kila Ijumaa, lakini huko hakuna aliyewahi kufika, na sindano ya joto ilikuwa inapanda kwenye foleni bila yeye kujua sababu. Alipoambiwa alisikitika kwelikweli. Nami nikapata pa kuombea punguzo: alitaka milioni moja na laki sita, tukakubaliana milioni moja na laki nne. Laki nne nyingine nilikuwa nimeziweka kando kwa matengenezo, na nilizitumia karibu zote mwaka wa kwanza.

Rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, nilizitafuta kabla ya kutoa hata shilingi, kuhakikisha jina ni la mzee na gari halina deni la benki. Uhamisho ulikwenda bila shida.

Sasa kuliendesha. Siku ya kwanza nilitoka baada ya swala ya alfajiri, nikafungua paa. Unavuta breki ya mkono, unafungua komeo la juu kwa mkono, unabonyeza swichi, na ndani ya sekunde kumi na mbili mbingu yote ni yako. Nikashika barabara ya Malindi, Kongowea bado wanateremsha magunia, Bamburi kimya, hadi mteremko wa daraja la Mtwapa. Nguvu ni farasi 228, si nyingi kwa magari ya leo, lakini gari ni jepesi na uzito wake umekaa katikati, kwa hivyo linageuka kana kwamba limekusoma nia. Ukiingia kona, usukani unakwambia tairi zimeshika kiasi gani, hata changarawe unaijua viganjani. Na ile sauti haitoki mbele. Inatoka nyuma ya shingo yako, nzito ukiwa chini, kisha mshale wa mizunguko ya injini ukipita elfu nne inabadilika na kuwa mluzi mmoja mrefu. Nina umri wa miaka arubaini na sita na nilipofika Kikambala nilikuwa nacheka peke yangu. Gia tano, za mkono, kila moja inaingia kwa mlio mdogo wa chuma kukubaliana na chuma. Kwa hilo tu ninalipa gari hili nyota zote.

Mchana liache paa limefungwa. Ngozi nyeusi ya viti chini ya jua la Mombasa huunguza.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni mvua. Pale paa linapokunjwa, kila upande kuna tundu la kupitisha maji, na tundu hilo ni dogo kiasi cha kuzibwa na majani kumi ya mwarobaini. Masika ya kwanza, usiku mmoja wa mvua isiyokatika, maji yalijaa pale, yakapata njia ya ndani. Asubuhi ufunguo haukulijua gari. Taa hazikujibu, injini haikugeuka. Gereji moja niliyoitiwa ilichomeka mashine yake, ikaniambia kompyuta ya injini imekufa na nitoe shilingi 160,000. Nilimpigia fundi wangu. Alikuja jioni, akafungua kiti, akabonyeza zulia kwa kiganja, maji yakachuruzika. Kisanduku cha alamu na kizuia wizi kinakaa chini ya kiti, na kilikuwa kimelowa. Alikifungua, akakisafisha, akakiweka mbele ya feni siku mbili, akaunga waya mbili zilizoota kutu. Gari likawaka. Nilimlipa 9,000. Tangu hapo, msimu wa mvua, kila Jumapili nazibua matundu yale kwa waya wa breki ya baiskeli, na gari silazi tena chini ya mti. Ukienda kununua, mwaga chupa ya maji pale na utazame yanatokea wapi. Yakikawia kutoka chini ya gari, inua zulia.

Mambo mengine yalikuwa ya umri tu. Pampu ya maji niliibadilisha kabla haijalalamika. Koili tatu za plagi zilikuwa na nyufa, injini ikikohoa asubuhi zenye unyevu, nikaweka sita mpya. Tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, milimita 255 kwa 205, kwa hivyo huwezi kuzizungusha ili ziishe sawa. Za nyuma zinakwisha mapema na unazinunua mbili mbili. Vipuri naviagiza Uingereza na kuvingoja wiki mbili au tatu, hapa kazi yangu inanisaidia. Mjini linakunywa lita 13 kwa kilomita 100. Kampuni tatu za bima zilikataa kunipa bima kubwa kwa ajili ya umri wa gari, basi nina ya mtu wa tatu, na hilo linaniuma kila ninapoliegesha mjini. Bodi yenyewe imeoshwa zinki kiwandani na haina kutu. Kutu iko kwenye boliti za ekzosi na huko ndiko kwa kupaka grisi.

Matuta ya Nyali linayapita ukiyaingia kwa pembe. Kivuko cha Likoni ni jambo jingine. Bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na maji yakipwa, mlango wa feri huinama sana hata kidevu cha gari kikagusa chuma. Mara ya kwanza nilisikia mkwaruzo ule hadi tumboni. Sasa jedwali la maji lililoko ukutani ofisini nalisoma kama mvuvi. Maji mafu, siku bahari haipandi wala kushuka sana, napita wakati wowote. Bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na saa hizo siendi.

Mzee hunipigia simu mara kwa mara kuuliza habari zake, na nikipita Nyali huniomba nisizime injini mpaka atoke barazani. Jumamosi nimemwahidi safari ya Diani. Nimetazama jedwali: ni bamvua. Tutapita barabara ya Dongo Kundu, isiyo na feri.