Alkoli ya farmasi kwenye boti ya mpira: uzoefu wangu wa wiki tatu

Asiye na muda wa kusoma achukue hili aondoke nalo: alkoli ya asilimia 70, ile ambayo nesi anakupangusia mkono kabla ya sindano, ilinitolea wino wa markeri kwenye boti yangu ya mpira. Wino mpya uliisha. Wa zamani umebaki kama kivuli. Na kuna sehemu moja niliiharibu kwa mikono yangu kabla sijaijua hiyo alkoli.

Boti yenyewe ni ya kijivu, ya watu wanne, niliinunua ikiwa imeshatumika. Jumapili naitoa mtaa wa Himbi hapa Goma ikiwa imekunjwa juu ya chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, naipuliza ziwani, natembeza watu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameandika 07 kubwa nyeusi ubavuni, hiyo nilishaizoea. Kilichoniondolea amani ni mtoto wa kaka yangu. Alikuta boti uani, akachukua markeri ya shule, akachora pomboo mwenye urefu wa mkono, na chini yake DAUPHIN NOIR kwa herufi kubwa. Dauphin Noir, yaani pomboo mweusi kwa Kifaransa, ni timu ya mpira ya hapa, na mimi ni mtu wa Virunga, wapinzani wao, tangu utotoni; mtu wa Goma hahitaji kuelezwa zaidi.

"Baba mudogo, ni samaki tu," akasema.

Nilianza na Omo na brashi. Povu tele, pomboo yuko palepale, tena anang'aa. Javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nayo haikugusa kitu. Nikashuka Birere, muuzaji mmoja akanipa kichupa cha asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. "Hii inatoa hata rangi ya gari," aliniambia, na hakudanganya. Niliijaribu kwenye mkia wa ile 7. Kitambaa kikawa cheusi, nikafurahi. Nikaendelea kusugua, kitambaa kikaanza kutoka na kijivu. Huo haukuwa wino tena, ilikuwa boti. Pale paliponyauka mng'ao pakabaki pananata kama pipi iliyotafunwa, na vumbi letu jeusi la volkano limeganda hapo mpaka leo.

Baadaye ndipo nilipoangalia kibandiko cha boti: PVC. Ni kitu kilekile cha mabomba ya maji, ila ya boti imechanganywa na mafuta ya kulainisha ili ikunjike. Asetoni inaingia ndani yake na kuivimbisha. Esansi (petroli) na thina zinakausha yale mafuta, na zikifika kwenye viungo zinalegeza gundi, halafu unakuja kushangaa upepo unatokea wapi. Zipo boti nyingine za Hypalon ambazo ni mpira wa aina tofauti na zinavumilia zaidi, kwa hiyo usisikilize ushauri wa mtu kabla hujajua yeye ana boti gani. Hata wangu.

Mafuta hayohayo ndiyo yanaeleza habari ya wino wa zamani. Markeri haikai juu tu, rangi yake inazama polepole ndani ya ile PVC, na ikishazama hakuna kitambaa kitakachoifikia. Pomboo alikuwa na siku tatu. Ile 07 ina miaka.

Farmasini nikamwambia mama wa pale nataka alkoli ya 70, chupa mbili za mililita 250.

"Ni kwa kidonda?"

"Ni kwa boti."

Alinitazama kidogo, akanipa.

Nilitandika bashi (turubai) kwanza, maana uwanja wangu ni mawe ya lava na mawe hayo hayana huruma na mpira. Boti nikaijaza upepo hadi ngozi ikakaza, bila mikunjo. Unalowesha pamba, unaibandika juu ya mstari, unahesabu hadi kumi, halafu unavuta mara moja kuelekea katikati ya mchoro. Unatupa pamba, unachukua nyingine. Hapo kwenye kutupa pamba ndipo penye kazi yote. Mimi mwanzoni nilibana matumizi, nikazungusha pamba ileile, na kumbe wino mweusi ukilowa alkoli unatoa zambarau: pomboo akageuka wingu. Nilitumia robo saa zaidi kulifuta wingu kuliko muda niliotumia kwa samaki mwenyewe. Kila kipande kikishatoka unaosha na maji ya sabuni, usiache alkoli ikakaa. Na fanyia mbali na jiko la makaa, inawaka haraka.

Sehemu za pembeni, ambako alkoli inachuruzika, nilitumia gel ya mikono, ile tuliyoizoea tangu Ebola na korona. Inafanya kazi polepole, lakini inabaki ulipoiweka. Eponji nyeupe ya kufutia kuta niliijaribu pia kwenye 07: ilipunguza wino kidogo na kukwangua mng'ao. Ni msasa uliovaa nguo ya eponji. Sitairudia.

Maji ya kuoshea niliyabeba kwa bidoni hadi uani. Usifanyie kazi hii ziwani, pale watu wanachota maji ya kunywa.

Nikitoa pointi: wino mpya, 9 kwa 10. Wa zamani, 4. Ile 07 niliiacha juani wiki mbili, upepo nikiwa nimeupunguza ili usipanuke na joto, na sasa imekuwa rangi ya moshi. Inasomeka ukijua kuna kitu cha kusoma.

Pale panaponata nitabandika kiraka nikipata fundi. Kijana ameomba aandike jina la boti juu ya kiraka hicho, safari hii kwa rangi inayofaa. Nimemwambia ruksa, mradi aandike VIRUNGA. Anasema bado anafikiria.