Fundi aliyekata haibiskasi yangu ikiwa hai

Nimewapa nyota moja hawa watu wa kutunza bustani. Jana zilikuwa tatu, kabla ya hapo ilikuwa moja, na mwanzoni kabisa sikutaka kuwapa hata hiyo. Mtanisamehe, jambo lenyewe bado linanichemka kifuani.

Nina miti mitatu ya haibiskasi. Miwili imepandwa ardhini kando ya ukuta, mmoja uko kwenye chungu. Majira ya baridi yalikuwa yametupitia salama mpaka karibu na mwisho wake, halafu ukaja usiku mmoja wa jalidi. Jioni ile dalili nilikuwa nimeziona: anga halina wingu hata moja, upepo umekufa kabisa. Nikatoa shuka, nikaufunika mti wa kwanza mpaka chini, na kingo nikazikandamiza kwa mawe ili joto linalopanda kutoka udongoni lisitoroke. Shuka ya pili ilikuwa fupi, kwa hiyo mti wa pili ulifunikwa kichwa ukabaki miguu wazi. Ule wa chungu niliusogeza karibu na mlango nikaona yatosha.

Asubuhi majani yalikuwa yamelegea na kuwa na rangi ya kijani kilichoiva, yanapitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa mafuta. Maji yaliyomo ndani ya jani yakiganda, barafu huzipasua seli, na jua likishapanda hakuna kinachoweza kulisimamisha tena jani lile. Baada ya siku mbili tatu yote yakawa meusi. Niliumia sana, hasa kwa ule mti wa pili. Ule nilipewa na dada yangu. Ni mche wa kubebeshwa, yaani mti mmoja umeunganishwa juu ya shina la mwingine, maua yake ni ya rangi ya machungwa, petali zimejazana tabaka kwa tabaka, na katikati kuna wekundu kama kaa la moto. Ua lake moja halikai zaidi ya siku moja au mbili, lakini siku hiyo moja nilikuwa natoka nje mara kumi kulitazama.

Basi nikawapigia simu hawa watu wa kutunza bustani. Nilitaka mtu anayejua aje anishike mkono.

Akaja fundi na mfuko wa gunia na mkasi wa kupogolea. Salamu tulisalimiana vizuri. Akasimama mbele ya mti wa pili, hata dakika moja haikufika, akasema, "Mama, hii yote imekufa. Nikukatie, upande kitu kingine."

Nikamwuliza, "Fundi, hujakwaruza gome. Umejuaje?"

Akanitazama, akacheka kidogo, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia nikifumba macho: "Mama, wewe maua unayapenda tu. Mimi nayajua."

Niliingia ndani kuchukua kitambaa na spiriti ili nimpe afute ule mkasi, maana niliona una utomvu mkavu wa mti wa mtu mwingine. Sikukawia. Niliporudi mti wa dada yangu ulikuwa umeshakatwa, kimebaki kisiki cha kama vidole vinne kutoka ardhini.

Nilichuchumaa pale. Kile kisiki kilikuwa kimelowa. Chini ya gome kulikuwa na duara jembamba la kijani, kijani kibichi kabisa, na ndani yake mti mweupe usio na doa. Nikagusa, kidole kikarudi na majimaji. Mtu yeyote aliyewahi kupogoa anajua maana yake. Mti uliokufa ukiukata unakuta rangi ya kahawia, umekauka, na tawi linavunjika kwa mlio. Huu ulikuwa unaishi. Ulikuwa unasubiri joto lirudi, na yeye akaukata wakati mimi nimeingia kufuata spiriti.

Kwaruzo lenyewe si elimu ya chuo kikuu. Unachukua ukucha au ncha ya kisu, unakwangua gome padogo sana, unaanzia kwenye ncha ya tawi na kushuka. Ukikuta kahawia unashuka tena. Ukikuta kijani, hapo ndipo uhai ulipoishia kurudi nyuma, na kila kilicho chini ya hapo ni chako. Haikuchukui muda wa kumaliza sentensi moja. Mtu anayesema "nayajua" hakuwa na nafasi ya kukwangua mara moja?

Na hata kama matawi ya juu yangekuwa yamekufa, hukati wakati ule. Jalidi moja ikishapita, nyingine inaweza kuwa njiani. Matawi makavu na majani meusi yale yale yanayochukiza macho yanaukinga mti uliobaki chini yake. Ukikata mapema unauamsha: unatoa machipukizi mororo, halafu usiku mmoja wa baridi unayaunguza yote, na akiba ya chakula iliyokuwa kwenye mizizi imeliwa bure. Unangoja mpaka una hakika baridi ya kugandisha imekwisha na mti wenyewe umeanza kutoa macho, vile vinundu vya kuchipukia, ndipo unakata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Nilikuwa nimemweleza hivyo kwenye simu yule aliyepokea. Aliitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" mpaka mwisho.

Akaendelea kuuelekea mti wa kwanza. Hapo nilisimama mbele yake. Sikupiga kelele, ila nadhani uso wangu ulitosha.

Sasa niseme haki yake, maana sitaki kumwonea mtu. Kuhusu mti wa kwenye chungu alisema umekufa, na kweli ulikuwa umekufa. Sikumwamini. Niliukwaruza mpaka chini na kote nilikuta kahawia, bado nikaendelea kuumwagilia wiki nyingi nikitumaini. Nilipoupindua chungu mizizi ilikuwa myeusi na laini, inachubuka ukiivuta. Udongo wa chunguni hupoa kutoka pande zote, hauna ardhi ya kuukumbatia kama iliyopandwa chini, kwa hiyo baridi ambayo mti wa ardhini unaivumilia inaweza kuua mizizi ya chunguni. Na yale maji yangu hayakusaidia. Mti usio na majani hunywa kidogo sana, maji yanatuama tu na kuozesha hata mizizi ambayo pengine ingepona. Kwa hilo nilikosea mimi, si yeye.

Kitu kingine: kazi ya mikono anaiweza. Kisiki alikikata kwa mshazari, safi, hakuna gome lililochanika. Aliokota kila kijiti na kufagia. Kama una ukoka wa kukatwa au uzio wa kunyooshwa, huenda wakakufaa sana. Ndiyo maana wakati fulani nilipandisha nyota.

Lakini kabla hajaondoka alinitolea chupa ya mbolea ya maji, akasema nimwagie yote juma lile ili miti "ipate nguvu". Niliikataa. Mti uliopigwa na jalidi ni mgonjwa asiye na majani ya kutengenezea chakula, na kuusukumia mbolea ni kuulazimisha uchipue kabla ya wakati, au kuichoma mizizi kwa chumvi. Mbolea ni baadaye, majani mapya yakishakunjuka, kidogo kidogo, na haibiskasi haitaki fosforasi nyingi. Inapenda potasiamu. Nilichofanya mimi ni kuweka matandazo ya majani makavu, unene wa vidole vinne hivi, bila kuyagusisha shina, na kumwagilia pale tu udongo ulipokauka chini ya tabaka la juu. Mti wa kwanza, ule aliotaka kuukata, ulikaa kama fimbo kwa muda ulionitia hofu. Halafu siku moja nikaona kinundu kidogo cha kijani kikitoka kwenye gome, si kikubwa kuliko punje ya mtama. Baada ya juma moja vilikuwa vinane. Nilikata matawi yaliyokufa juu yake, na sasa umejaa majani, wala hutajua kuwa uliwahi kuungua. Kama nisingesimama mbele ya mkasi, ungekuwa gunia moja na mwenzake.

Sasa nifike kwenye sababu ya nyota kupanda na kushuka.

Kile kisiki kilichipua. Tena kilichipua kwa nguvu kuliko mti wa kwanza: machipukizi matano manene, majani makubwa yanayong'aa. Nililia, sikufichi. Nikaanza kujilaumu kwamba nimemsema vibaya kijana wa watu, labda kweli anayajua. Haibiskasi huchanua kwenye ukuaji mpya, kwa hiyo hata kukatwa sana hakuuzuii kutoa maua, kunauchelewesha tu. Nikaandika maoni mapya, nikaweka nyota tatu, nikawashukuru.

Ua la kwanza limefunguka jana. Ni jekundu. Petali tano tu, tabaka moja.

Ni ua zuri, sitalitukana. Lakini si ua la dada yangu. Nilitoka na taa usiku nikaufukua udongo kidogo kwenye shina nitazame. Mche wa kubebeshwa una kifundo pale ambapo mti wa juu uliunganishwa na shina la chini. Changu kilikuwa juu, kama shubiri moja kutoka ardhini, nakikumbuka kwa sababu nilikuwa nikikishika nikipalilia. Kifundo hakipo. Alikata chini yake. Kilichochipua ni lile shina la kubebea, mti mwingine kabisa uliochaguliwa kwa mizizi yake imara, wala haukuwahi kukusudiwa uchanue. Ule wa machungwa uliondoka wote ndani ya gunia, ukiwa hai, na duara lake la kijani.

Kukosea kila mtu anakosea, na mimi nimeua wa chunguni kwa maji. Lakini anayesema "mimi nayajua" inampasa ashuke chini, atazame kifundo kiko wapi kabla ya kuweka mkasi. Inampasa aulize hata ni haibiskasi ya aina gani. Yangu ni Hibiscus rosa-sinensis, ya nchi za joto. Kuna Hibiscus syriacus, inayopukutisha majani yote na kuvumilia barafu vizuri. Kuna Hibiscus moscheutos, inayokufa mpaka ardhini kila majira ya baridi na kuchelewa sana kuchipua kutoka mizizini. Sijui bustani ngapi amepita akisema "imekufa" juu ya miti iliyokuwa imelala tu, na wenyewe wakamwamini kwa sababu ana gunia na mkasi na wao wanapenda tu maua.

Nimewapigia simu. Yule wa ofisini ameniambia watanipa punguzo nikiwaita tena. Sikumjibu, nikakata.

Jambo moja sikulisema juu. Siku ile, alipokuwa akifunga gunia, niliingiza mkono nikachomoa vijiti vinne vya chini chini, vile ambavyo gome lake lilikuwa bado limekaza. Aliniuliza navipeleka wapi, na alicheka tena. Nilikata juu na chini, kila kimoja nikakiachia macho matatu manne, nikavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu ndani, mahali penye joto na mwanga usio wa jua kali, nikavifunika kwa mfuko wa nailoni usiogusa vijiti. Vitatu vimeoza.

Cha nne kina majani mawili. Nilikivuta taratibu sana leo asubuhi na kimekataa kutoka, kimeshika.