Kuhama intaneti, simu na TV kwa mpigo: uzoefu wangu

Kampuni niliyokuwa nayo ilinipa vyote vitatu kwa bili moja, intaneti, simu ya mezani na king'amuzi, mwanzoni bei ilikuwa nzuri kabisa, ile ofa ya mteja mpya ilipoisha bili ikapanda na huduma ikabaki ile ile. Ikaja kampuni nyingine na faiba (waya wa nyuzi za kioo) mpaka mlangoni, nao wana kifurushi chao cha vitu vitatu. Kabla ya kusaini nikavitenganisha, kila kimoja nikakiangalia peke yake, na hapo ndo picha ilibadilika.

Intaneti ndo ilikuwa inaniumiza. Mchana iko poa, usiku kila mtu karudi nyumbani video inazunguka tu. Ila usikimbilie kuhama, chomeka kwanza kompyuta kwa waya kwenye ruta upime spidi asubuhi na usiku. Ikiwa kwa waya iko vizuri halafu kwa waifai inakufa, basi tatizo liko ndani kwako na utahama nalo, labda ruta imefichwa nyuma ya kabati au uko kwenye 2.4 GHz, yale masafa ya waifai ambayo yanafika mbali lakini yamejaa ruta za majirani, jaribu masafa ya 5 GHz ukiwa karibu na ruta uone. Kwangu hata kwa waya usiku ilikuwa inaporomoka, maana laini yenyewe ni ya kebo ambayo nyumba nyingi zinagawana. Faiba nayo mara nyingi inagawanywa, ila njia yake ni pana zaidi.

Halafu namba za kwenye matangazo ni za kupakua. 100 Mbps (megabiti kwa sekunde) ukigawa kwa 8 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, na filamu ya 4K inatosheka na kama 25 Mbps, kwa hiyo kwa familia ya kawaida kifurushi kikubwa kuliko vyote ni hela ya bure. Ulizia spidi ya kupakia! Simu za video za kazini na kutunza picha mtandaoni vyote vinategemea hiyo, na kwenye laini yangu ya zamani ilikuwa kiduchu kweli.

Simu, hapa tafadhali kuwa makini sana. Kama unataka kubaki na namba yako usifunge laini ya zamani, acha kampuni mpya ndo iombe kuihamisha, ukifunga mwenyewe namba inaweza kupotea. Na simu inayopita kwenye faiba umeme ukikatika nayo inakata, isipokuwa kile kiboksi cha faiba na ruta vyote viwe na betri, wakati zile laini za zamani za shaba zilikuwa zinapata umeme kutoka kwa kampuni yenyewe. Kama kuna mgonjwa ndani au kengele ya dharura inayotumia laini ya simu, hilo liwe swali lako la kwanza.

TV niliiacha kabisa, punguzo lao lilikuwa limefungwa kwenye mkataba mrefu na tunavyoangalia vingi viko kwenye apu. Ila wapenzi wa mpira kagueni orodha ya chaneli moja moja, na ulivyorekodi kwenye king'amuzi hesabu kwamba vinaondoka nacho.

Kwa hiyo nilihamisha intaneti na namba tu. Laini ya zamani na ya faiba ziliwaka pamoja kwa muda mpaka nikaridhika na usiku wa faiba, gharama ya ziada ndio, lakini bora hivyo kuliko kukaa bila intaneti fundi akichelewa. Usiku sasa iko imara, kupakia ni raha, huduma kwa wateja yao ndo inavuta miguu sana.

Bei ya baada ya ofa waambie wakuandikie, faini ya kuvunja mkataba pia, na ukirudisha vifaa vya zamani dai risiti. Na kama barua pepe yako ni ya kampuni unayoihama, ibadilishe benki na kila mahali kabla hujafunga akaunti.