TAHADHARI wana Arusha: kuna mtu anauza betri chakavu za magari kama betri kavu za sola

Ndugu zangu, naandika hii nikiwa na hasira mpaka vidole vinatetemeka. Wengi mmenipigia kuuliza vifaranga mlivyoagiza vinatoka lini. Havitoki. Mashine ya kutotoleshea nimeizima, mayai nimeyafukia, na aliyesababisha yuko dukani kwake maeneo ya Kilombero, hivi mnavyosoma anamhudumia mteja mwingine.

Ya mwezi wa tano mnayajua, umeme ulikatika usiku mayai yakiwa kwenye mashine, sirudii zaidi. Baada ya pale niliapa umeme hautanikatikia tena usiku mayai yakiwa ndani. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37 na nusu mfululizo kwa siku 21, na Julai ya huku Ngaramtoni hamna haja ya kuelezwa. Madirisha ya chumba cha mashine nilishayaziba na nailoni, chini ya mlango nikaweka khanga baridi isipenye. Kilichobaki ilikuwa betri.

Sikununua njiani jamani. Najua wapo watakaosema "umeokota kitu barabarani." Ni duka. Lina mlango wa kioo, kaunta, paneli zimesimamishwa ukutani, kitabu cha risiti, na mwenyewe amevaa shati lililopigwa pasi. Alinikaribisha kiti. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Machame, akasema mama yake ni wa Machame, akataja mpaka kanisa. Sasa mtu wa namna hiyo unamkagua vipi?

Nikamweleza kila kitu. Kwamba nataka betri ya kukaa ndani, kwenye chumba cha mashine ya kutotoleshea, na kwamba mdogo wangu analala humo humo ili aangalie joto usiku. Nilimwambia kwa mdomo wangu kuna mtu analala humo. Akaweka kalamu chini, akanitazama, akasema, "Basi dada yangu, kama kuna mtoto wa watu analala humo, usichukue betri ya maji. Ya maji ikichajiwa inatoa gesi. Chumba kikiwa kimefungwa ni hatari. Chukua kavu, hii ya jeli. Hata mimi iko chini ya kitanda changu."

Hapo ndipo aliponimaliza. Alijua. Alinieleza hatari yenyewe kwa ufasaha kuliko mwalimu, halafu akaitumia hatari hiyo hiyo kuniuzia. Angekuwa hajui ningesema ni mfanyabiashara asiye na elimu. Huyu anajua, na alijua mdogo wangu atalaza kichwa hatua mbili kutoka kwenye kile kitu.

Akaleta betri imefungwa nailoni mpya. Stika ya kijani inang'aa, maandishi makubwa ya jeli, volti 12, 100 Ah (yaani kiasi cha umeme inachohifadhi). Akachomoa mita, akagusa vichwa vya betri mbele yangu: 12.9. "Betri nzima ikiwa imetulia inasoma 12.6 kwenda juu, ona mwenyewe." Akaunga taa ndogo ya LED ikawaka kweupe. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka tumbo linaniuma. Akailaza betri ubavu, akaweka kiganja chake chini ya ule mfuniko, akakaa nacho hapo muda, kisha akanionyesha kiganja. Kikavu. "Ingekuwa ya maji ningekuwa nimeungua sasa hivi."

Ungeamini. Yeyote kati yenu angeamini.

Laki mbili na themanini, na chaja akanipa bure "kwa sababu ni dada." Kadi ya waranti mwaka mmoja, ina muhuri. Kijana wake akaipandisha kwenye bodaboda.

Usiku wa kwanza umeme ulipokatika mashine haikufika hata saa sita. Nikampigia, akasema betri mpya inataka kuzoea, niichaji usiku kucha ijae vizuri. Nikaichaji usiku kucha. Asubuhi chumba kinanuka mayai viza.

Sasa fikirieni. Mtu mwenye mashine ya mayai akisikia harufu ya mayai viza atawaza nini? Nikawaza mayai. Nikayapima kwa tochi moja moja. Nikaona yale niliyoyatilia shaka, nikavunja. Ndani kulikuwa na vifaranga hai, manyoya yameshaanza, vinacheza. Harufu haikutoka kwenye yai hata moja. Nikavunja na mengine nikitafuta lililooza. Mdogo wangu naye amekaa kitandani macho mekundu, anasema kichwa kinamgonga tangu alfajiri, nikamwambia ni baridi.

Aliyetuokoa ni jirani yetu fundi magari, mnamfahamu. Alikuja kuchukua jeki yake. Alipofika tu mlangoni akasimama, akapaza sauti: "Usiguse swichi! Usichomoe hicho kibano! Tokeni nje." Akatutoa, akaenda kuzima umeme kwenye swichi kuu huko nje ukutani, akafungua mlango, akachana nailoni zangu zote za madirisha. Tulikaa uani muda mrefu kabla hajaturuhusu kuingia.

Betri ilikuwa ya moto, huwezi kuweka mkono. Ubavu umetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Kwenye kona ilishaanza kuvuja, na ile khanga ya chini ya mlango ilipogusa maji yale tuliikuta kesho yake ina matundu. Ndiyo betri kavu hiyo.

Ilipopoa fundi akabandua stika. Chini yake kuna vizibo sita, vyote vimezibwa kwa gundi ngumu, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi nyeusi. Kumbe ndiyo maana haikumwagika alipoilaza! Vichwa vyake vina makovu ya vibano vya gari. Mahali pa tarehe ya kutengenezwa pamekwanguliwa. Tukaipeleka kwenye mizani ya duka la mahindi: kilo 17. Fundi anasema betri ya jeli ya kweli ya 100 Ah inakaribia kilo 30, kwa sababu uzito wake ni madini ya risasi yaliyomo ndani, na risasi haidanganyi.

Kazi yao ni hii. Wananunua betri zilizokufa kwenye gereji, wanamwaga maji ya zamani na matope yake, wanajaza tindikali kali, wanachaji dakika za mwisho kabla hujafika. Mita inasoma vizuri kwa muda. Taa ya LED haili kitu, itawaka hata kwenye mzoga. Yangu ilipopimwa baada ya kupumzika ilisoma 10.5. Betri ya volti 12 ina seli sita za volti 2 na kidogo kila moja, kwa hiyo moja ilikuwa imeshakufa. Na ile chaja ya bure ni transfoma ya kizamani isiyojua kujizima. Fundi aliipima kwenye betri yake ikapita volti 15, wakati chaja nzuri haivuki 14.4 hivi, na betri ikijaa inashuka yenyewe mpaka kwenye 13 na nusu. Seli tano zilizobaki zilikuwa zinachemshwa usiku kucha, na mdogo wangu pembeni, na vizibo vimezibwa, na chumba nimekiziba mimi kwa ajili ya vifaranga.

Betri ikichemka hivyo inatoa gesi mbili. Kuna haidrojeni, haina rangi wala harufu, inapanda juu darini, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha kulipua betri na tindikali yake usoni kwa mtu. Na kuna ile ya mayai viza, ambayo ni sumu, na ubaya wake pua inaizoea, unadhani imeisha kumbe ipo. Mdogo wangu aliniambia alfajiri harufu ilikuwa imepungua. Haikupungua.

Nikarudi dukani. Mnataka kujua alisemaje? "Mama, hiyo betri si yangu." Dada yangu imeisha, sasa ni mama. Nikatoa kadi ya waranti, akasema waranti haihusu mtu aliyebandua stika. Nikamuuliza gundi ya chini ya stika niliweka mimi? Akamwita kijana wake anitoe nje mbele ya wateja. Nimetembea mpaka Mnara wa Saa sioni njia.

Huyu mtu lazima afungwe. Sisemi apigwe, na mtu asiniandikie habari za kuwapeleka vijana dukani kwake, hiyo siitaki. Nataka asimame mbele ya hakimu aeleze kwa nini alimpelekea mtoto wa watu bomu chumbani akiwa anajua ni bomu. Arudishe hela yangu, alipe mayai, alipe hospitali ya mdogo wangu, na lile duka lifungwe kufuli. Nimeshafungua jalada polisi. TBS, shirika la viwango, wanahusika kwa sababu bidhaa haina ubora, na Tume ya Ushindani wanahusika kwa sababu stika ni ya bandia, kote nimepeleka barua na picha. Jina la duka siliweki hapa kwa sababu jalada liko mezani, lakini ukinitafuta nitakuambia uso kwa uso.

Kwa wanaotaka kununua wiki hii, fundi ameniambia mambo nayaandika haraka haraka. Inyanyueni kwanza. Nyepesi ni nyepesi. Mita peke yake si ushahidi, mwambie muuzaji aunge taa ya mbele ya gari iwake dakika kadhaa huku mita ikisoma. Volti zikiporomoka mbele ya macho yako, ondoka. Pitisha kucha pembeni ya stika, ukisikia mabonde sita chini yake usiulize zaidi. Tafuta tarehe. Anayekataa kuandika kwenye risiti aina ya betri na namba yake, mwache na duka lake.

Na hata ukipata ya jeli ya kweli, usilale nayo. Nayo ina vali, ikizidishiwa chaji inatoa gesi hiyo hiyo, na chaja yake iwe ya aina yake. Iwekwe kibarazani au stoo yenye tundu la hewa juu karibu na dari, mbali na jiko la mkaa na mshumaa. Zima chaja kwanza ndipo utoe vibano. Ya maji iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bombani, wala usiongeze tindikali. Ikikurukia machoni osha kwa maji safi dakika 15 mpaka 20 bila kuacha, ndipo uende hospitali, usianze kutafuta gari.

Ninyi mlionunua kwake, najua mpo, wawili mmeshaniambia mnaogopa kuonekana wajinga. Mwizi ni yeye. Zimeni hiyo chaja leo kwenye swichi kuu, fungueni madirisha, betri ikishapoa itoeni nje, na msiitupe wala msimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Hiyo ni ushahidi, na risasi yake ikimwagwa shambani ni sumu nyingine. Hifadhini kadi yenye muhuri na ujumbe wa malipo kwenye simu. Jumatatu saa tatu asubuhi narudi kituoni na fundi, na askari amesema walalamikaji wakiwa wengi jalada linakwenda haraka. Waliolipia vifaranga nawarudishia hela zenu kuanzia wiki hii, nitaanza na waliotangulia kulipa.