Peptoni yangu ilifika Mtwara ikiwa bonge

Nilisubiri hasira zipoe ndiyo niandike. Hazijapoa.

Masika yale niliagiza kopo la peptoni, chakula cha kuoteshea bakteria maabara, nusu kilo, kwenye duka moja la vifaa vya maabara Dar. Likaja na basi, nikalifuata stendi mwenyewe huku mvua inanichapa. Kufungua maabara, nakuta karatasi ya ndani ya mfuniko imeshachanwa, ikabandikwa tena kwa selotepu. Selotepu! Ndani hakuna unga, kuna bonge la kahawia linang'aa kama sukari guru. Nikachomeka kijiko, kikasimama wima.

Peptoni ni protini, ya nyama au ya maziwa, iliyomeng'enywa mpaka ikabaki vipande vidogo ambavyo bakteria anavimeza bila kutafuna. Ina tabia ya kunyonya unyevu. Sasa ifungue Dar, uilete wazi Mtwara hii, ambako hata chumvi mezani inatoa machozi!

Nikapiga simu. Akapokea kijana, sauti ndiyo kwanza inabalehe. Nangoja shikamoo, naambiwa, "Nambie, mdogo wangu." Nina wajukuu wawili. Nikameza, nikamweleza. Akasema, "Si uiponde tu kwenye kinu? Huko si ndiko mnabangua korosho?" Akakata.

Ninachojiudhi nacho ni kwamba niliiponda kweli. Nilitaka sahani zisizoota bakteria hata mmoja, nizipige picha nimtumie aone aibu. Nikapima gramu 5 za hiyo peptoni, ekstrakti ya nyama 3, chumvi 5, agari ya kugandisha 15, maji lita moja, nikaua vijidudu kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15. Nikapaka bakteria kwenye sahani, nikaziacha kwenye inkubeta, kabati la joto, usiku kucha. Asubuhi sahani zimejaa! Makoloni, yaani vichungu vya bakteria, meupe, manono, ya mviringo. Ile ya kulinganishia, ambayo sikuipaka kitu, safi kabisa.

Basi peptoni yenyewe sina ugomvi nayo. Au ninao: gramu 5 za bonge lililokunywa maji ni gramu ngapi za peptoni? Sampuli za watu siwezi kuzipimia kitu cha kubahatisha. Nimewaachia wanafunzi wafanyie mazoezi, wanaifurahia.

Duka nilitaka kulipatia nyota mbili, maana mzigo haukuchelewa hata siku. Halafu nikakumbuka ile selotepu. Moja. Na ile "mdogo wangu," hata hiyo moja inaniuma.