Sandali za elfu nne na mia tano zilizonifia njia ya Shela

Nisema wazi kabla watu hawajanirukia: mguu haukulalamika. Tangu nianze kujinunulia viatu sijapata sandali inayonishika vile, kamba ya nyuma haikati kisigino, ya mbele haibani dole gumba, na mimi mguu wangu ni mpana, mguu wa mtu aliyekulia ndara na peku, viatu vingi vya wanawake vimeshonewa mguu mwembamba sijui wa nani. Kwa hivyo msinijie hapa na maneno ya ulichagua vibaya. Nilichagua. Nimemaliza jioni nzima nikichagua mpaka kijana wa duka akaniletea kiti. Kilichoniuma mimi ni kingine kabisa na kina mdomo.

Safari yenyewe ilikuwa ya Lamu, Maulidi. Aliyekwenda ajua, kule hakuna tuktuk ya kukuokoa, mji ni wa miguu na punda, vichochoro vyembamba na mfereji pembeni, ukishateremka boti ya Mokowe unaanza kutembea na hupumziki mpaka siku ya kurudi. Leo msikiti wa Riyadha, kesho kwa mashangazi, na mashangazi wenyewe kila mmoja ana mtaa wake, kisha jioni kuna mtu lazima aseme twende Shela, kijiji cha jirani. Ndara sikutaka maana vidole vyajikunja kuzishika usiku nyayo zote zawaka moto. Makubadhi ninayo mazuri lakini hayo ni ya harusini, soli yake nyororo, ukikanyaga jiwe lina maji ushakaa chini na buibui lako. Raba nazo kwa joto lile hapana, asante.

Basi kabla ya safari nikaenda town hapa Mombasa makusudi baada ya alasiri. Sababu ni kuwa mguu kwa hali yetu hii ya hewa huvimba kadri mchana unavyokwenda, ukinunua kiatu saa tatu asubuhi ukakiona sawasawa, magharibi chakukaba. Nikavaa vyote viwili, si kimoja, maana mguu wangu wa kulia umezidi wa kushoto na nina hakika si mimi peke yangu. Nikapanda na kushuka ngazi ya dukani, ile ngazi ndiyo husema ukweli, ukishuka ukaona vidole vyachungulia nje kwa mbele basi hicho kiatu si chako hata kiwe kizuri vipi. Hizi zilikuwa na pahala patatu pa kukaza, vidoleni, juu ya mguu na nyuma, yani hata ukivimba walegeza tu waendelea na safari. Soli ya ndani ni ya mpira wenye mistari mistari. Hilo kwangu mimi ni kubwa kuliko yote na hakuna muuzaji atakayekwambia, kwa sababu msafiri wa kwetu anatawadha njiani, anavaa mguu mbichi, na kiatu chenye kitambaa ndani kikishalowa mara kadhaa kwa siku chaanza kunuka mpaka waona haya kukivua mlangoni kwa watu.

Kasoro ilikuwa velkro. Waliozitengeneza hawajui buibui. Ukitupa hatua ndefu pindo lashikwa na ile miiba, krrr, unavuta, nyuzi zatoka, na pindo la buibui langu la kutokea sasa hivi limeota manyoya upande mmoja. Wanaovaa buibui tafuteni ya bizimu. Lakini hata hilo nilikuwa nshalisamehe.

Sasa njia ya Shela. Kutoka mjini kwa ufuoni ni kama kilomita tatu, maji yakiwa yamekupwa waenda raha mstarehe, upepo wakupiga, majahazi yapita, na siku ile tulikuwa kundi zima twasemezana tu. Nusu ya njia nikahisi nachechemea. Si kuumwa, nachechemea tu, upande wa kushoto uko chini. Nikainua mguu nikatazama: kisigino hakipo. Na si kukatika, maana kitu kikikatika utaona mkato, hapa soli ilikuwa yameguka, biskuti iliyosahauliwa ndani ya chai, chenga nyeusi zinazonata vidoleni ukizishika. Nikarudisha macho nyuma nikaona vipande vyangu vimenifuata mchangani toka mbali. Kabla hatujafika penye vivuli mguu wa kulia nao ukaanza. Kamba nzima! Nyuzi za kushonea nzima! Velkro bado yang'ang'ania nguo za watu! Chini hakuna kiatu. Binamu yangu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka pia kwanza, siwezi kusema uongo, lakini kicheko kiliisha nilipokumbuka bei.

Tukarudi kwa boti, nikanunua ndara za bluu duka la kwanza nililoliona, na ndizo nilizoendea Riyadha, ndizo nilizorudia na basi mpaka Mwembe Tayari. Witu, Garsen, Malindi, njia yote hiyo nina boksi la viatu mapajani nimelikumbatia. Hasira haikuwa nyingi bado. Nilijiambia watu wa duka ni waungwana, wataona, watabadilisha, au hata wakinipa nusu.

Dukani. Kijana aliyeniuzia yuko, mwenye adabu zake, toka mwanzo aliniita khaleti na safari hii pia, akafungua boksi, akaibonyeza ile soli ikabaki mkononi mwake. Akainamisha kichwa. Yule mtoto alijua, nakwambieni, alijua. Akamwita mwenye duka. Mwenye duka amekaa kwenye kaunta na simu, hakuinua hata macho.

"Umevitia maji ya chumvi."

Nikamwambia bwana, hivi mumeviuza kuwa ni vya safari, na hapo kwenye boksi mumechora mwanamke amesimama mtoni, maji yamfika vifundoni. Nikamgeuzia boksi aone. Akaliangalia boksi. Kisha akaniangalia mimi, toka kichwani mpaka miguuni, akapandisha tena, taratibu, duka lina watu, akasema:

"Huyo wa kwenye boksi si kilo hizi, mama."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka. Alijaribu kukifanya kikohozi lakini mimi najua kicheko.

Mimi sikulelewa na kelele. Nilisema haya bwana, kheri, nikachukua boksi langu nikatoka. Na tangu siku ile kila nikilala napata jibu jipya la kumjibu, moja tamu kuliko jingine, nimemjibu mpaka nimechoka, yeye hana habari. Ile "mama" ndiyo iliyonimaliza. Kuna mama ya heshima na kuna mama ya kukufukuza, na mtu mzima aliyezaliwa Mombasa hii hawezi kuniambia hajui ametumia ipi. Kwani angeniambia pole angepungukiwa na nini? Pole ni bure. Ningetoka pale bila viatu na bila pesa na bado ningemwombea.

Juu ya kichwa chake kuna kibao, mali ikishauzwa hairudishwi. Mpwa wangu asomea sheria, nilipomweleza aliruka. Kibao si sheria, akanambia, Katiba ya 2010 ibara ya 46 yampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na yampa haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya kitu alichouziwa, na kuna sheria nzima ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 juu yake. Anataka niandike barua. Mimi barua sitaki, nataka yule bwana ainue macho kwenye simu aseme pole.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika haya yote ni fundi. Nilipeleka ile maiti kwa fundi wangu wa siku zote karibu na soko la Marikiti, mzee wa watu, akaigeuza, akaikwaruza kwa kisu, akatabasamu. "Mwanangu, hivi havikuchakaa. Vimezeeka." Akanieleza, na baadaye nikatafuta nikasoma nikaona ni kweli tupu. Kuna soli za povu laini, poliurethani, zastarehesha mguu kweli kweli, hiyo ndiyo raha niliyokuwa nikiisifu hapo juu. Lakini zina adui, unyevu. Mvuke wa hewani wapenya ndani ya lile povu, wakata kata viungo vyake polepole, wenye elimu yao waita haidrolisisi, na joto lazidisha mbio. Haina haja ya kuvaliwa hata hatua moja. Kiatu kimo ndani ya boksi, juu kimeng'aa, chini chaoza, siku utakayokivaa ukakikunja ndiyo siku chenga zamwagika. Sasa niambieni, stoo ya town Mombasa, bati juu, dirisha hakuna, joto na unyevu wetu huu mwaka mzima, viatu vimelala humo miaka sijui mingapi, kisha vyatolewa vyafutwa vumbi vyauzwa bei ya vipya kwa mtu aendaye Maulidi. Na kosa ni kilo zangu!

Kwa hivyo mukenda kununua, akina dada na akina mama, bonyezeni soli pembeni kwa ukucha. Ikirudi, sawa. Ikibaki shimo, au yanata, au yatoa unga, wekeni chini mwondoke. Kikunjeni kiatu kwa nguvu mbele ya muuzaji, akikasirika hilo nalo ni jibu, mutazame pale soli mbili zilipoungana kama pana vipasuko vyembamba. Tazameni na boksi. La kwangu sasa ndio naliangalia vizuri, kona zimegeuka manjano na karatasi ya ndani imegandana na kiatu. Zile soli nyepesi za EVA, povu la aina nyingine, hazina ugonjwa huu, zenyewe husinyaa tu kidogo kidogo ukazikanyaga mpaka zikawa bapa, na mpira wenyewe mzito ndio mgumu zaidi kufa. Kama mwahifadhi viatu vizuri vya safari, musivifungie kabatini miaka mukisubiri safari. Vaeni hata kwendea sokoni.

Fundi akavua soli yote ya zamani, akasugua msasa, akakata mpira wa tairi kufuata mguu wangu hasa si kufuata ule wa kiwandani, akatia gundi, akashona kuzunguka kwa uzi wa nailoni. Mia saba. Nilipozivaa nikasema subhanallah. Nzito kidogo, ule ulaini umepungua, lakini zashika mguu vile vile na chini hazitelezi kitu, nimeshapandia feri ya Likoni na mvua, nimeshatembeza wageni wa bara Fort Jesus yote ile ngazi juu ngazi chini mpaka wao ndio walioomba kukaa. Nikipita mchangani naacha alama za gurudumu, watoto wanifuata kuangalia.

Sasa nikiulizwa zanunulika? Umbo lake, kamba zake, hiyo mistari ya ndani, mimi ningenunua tena kesho. Yani nikiziona Kongowea kwenye mitumba, za kamera, zile bora za kuchaguliwa mwanzo, nazichukua bila kuuliza, soli nitamwachia fundi. Lakini ngoja, elfu nne na mia tano, jumlisha mia saba, jumlisha ndara, jumlisha boti ambayo sikuipangia, kwa pesa hiyo ningekwenda kwa mzee yule toka mwanzo anishonee kiatu kizima cha ngozi na tairi na chenji ingebaki. Kwa hivyo hapana, musinunue. Ama nunueni lakini si pale. Hilo la mwisho ndilo sibadilishi, si pale, hata wavitoe bure, kwa sababu kiatu kibovu chatengenezeka na fundi na mdomo ule hauna fundi Mombasa nzima.

Yule kijana simhesabu, Mungu amfungulie kazi nyingine.

Risiti ninayo, sijaitupa. Wiki ijayo nakwenda tena, na safari hii nafuatana na dada yangu mkubwa, ambaye ana kilo kunishinda na hajawahi kunyamaza maishani mwake.