Boti ya kwanza ya kuvulia Mtera: ipi ununue, na nini kije kabla ya injini

Wengi wanaonunua boti ya kwanza hapa Dodoma huanza kwa kuuliza bei ya injini. Swali la kwanza lingekuwa: Mtera inakuwaje mvua zinapochelewa? Bwawa hili la Mto Ruaha Mkuu, kilomita 130 hivi kusini mwa mji kwa barabara ya Iringa, lilijengwa kwa ajili ya umeme. Likijaa, maji husimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakitumika na mito isilete mengine, yanaweza kushuka hadi mita 690, kiwango cha chini cha kuzalishia umeme. Mita 8.5 si nyingi kwa kusema, ila bwawa lenyewe ni pana na tambarare, kwa hiyo maji yakishuka ukingo unahama mbali na miti iliyozama enzi za kulijaza inaanza kuchungulia. Vile visiki visivyochungulia, vilivyobaki sentimita kumi chini ya maji, ndivyo vinavyoamua ununue boti gani.

1. Boti ya mbao, mita 6 hadi 7

Hii ndiyo ya kuanza nayo. Ikigonga kisiki inachubuka, mara chache inapasuka. Ikipasuka fundi wa pale pale ufukweni anatoa ubao na kuweka mwingine siku hiyo hiyo. Na hata ikijaa maji, mbao zenyewe zinaelea, mtu anabaki na kitu cha kushikilia.

Mbao ziwe za mninga au mvule. Paini ni rahisi na nyepesi, ila hunywa maji na kuoza mapema kuanzia chini, kwenye mkuku, ule ubao mrefu wa uti wa boti. Misumari iwe ile ya kuchovywa zinki. Msumari wa kawaida ukishika kutu hula ubao unaouzunguka, na baada ya muda tundu linakuwa kubwa kuliko msumari wenyewe. Ukiona mistari ya rangi ya chai inatiririka kutoka kwenye vichwa vya misumari, ujue ndani kazi imeanza.

Kwa boti iliyotumika, chukua kisu chenye ncha na uingie chini. Choma kando ya mkuku, kwenye miguu ya mataruma (mbao za kiunzi cha ndani), na pale kibao cha nyuma kinapokutana na mbavu za boti. Mbao nzima hurudisha ncha. Iliyooza huimeza kama kiazi kilichoiva. Kisha angalia kalafati, yaani pamba iliyosindiliwa kwenye mishono. Vuta uzi mmoja. Ukitoka na mafuta na ukang'ang'ania, iko sawa. Ukikatika mkavu kama majani ya mahindi, hesabu gharama ya kukalafati boti nzima na uikate kwenye bei.

Rangi mpya isikupumbaze. Putty na rangi ya mafuta huficha mengi. Omba boti iingizwe majini jioni, pakia mawe uzito wa watu watatu na nyavu zao, uilaze mpaka asubuhi. Boti iliyokaa juani huvuja sana siku mbili tatu za mwanzo mpaka mbao zivimbe na kubana, hiyo si kasoro. Iache majini; ikiwa siku ya nne bado unakumba ndoo nzima kila saa, hiyo ni kasoro. Ikiwa imepakiwa hivyo, pima pia kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa boti, mahali palipo chini kabisa: isipungue sentimita 30. Upepo wa mchana wakati wa kiangazi huinua mawimbi mafupi yaliyosongamana, na boti inayokaa chini hupakia maji kidogo kidogo bila mtu kushtuka.

Jua la huku ndilo adui wa mbao kuliko maji. Boti ikikaa nchi kavu wiki mbili bila kufunikwa, mishono inafunguka. Ifunike kwa majani au magunia, na umwagie maji ndani kila jioni.

2. Boti ya faiba

Ni nyepesi, haihitaji kalafati, na inakwenda vizuri kwa injini ndogo. Imewekwa ya pili kwa sababu mbili. Kwanza, faiba yenyewe haielei. Isipokuwa na vyumba vilivyojazwa povu gumu omo na tezi (mbele na nyuma), ikijaa maji inazama yote, pamoja na injini. Muuzaji akuonyeshe vyumba hivyo na akuruhusu kutoboa tundu dogo kuthibitisha kuna povu ndani. Pili, kisiki kikiipasua unahitaji rezini, dawa ya kugandisha na mkeka wa faiba, na kwa joto la Dodoma rezini hugandia kwenye kopo ukichanganya nyingi. Changanya nusu kilo kwa mara, dawa ikiwa asilimia 1 hadi 2 tu, na ufanye kazi asubuhi.

Ukaguzi wake ni wa sikio. Gonga ubavu wote kwa sarafu: mlio mkali ni mzima, mlio mzito uliofifia maana yake matabaka yameachana.

3. Mtumbwi wa gogo

Kwa maji madogo kama bwawa la Hombolo, karibu na ukingo, kwa mtu mmoja aliyekua nao, unafaa. Kwa mgeni, hapana. Unayumba mtu akivuta wavu upande mmoja, na ufa wa gogo hauzibiki ukakaa. Boti za mpira za kujaza upepo hatuziweki hata kwenye orodha, maana Mtera ina miiba na matawi.

Vya kununua kabla ya injini

Jaketi okozi, moja kwa kila mtu anayepanda, si moja ya kuonyesha wakaguzi. Sokoni yapo yaliyojazwa sponji ya godoro. Lizamishe kwenye pipa kwa jiwe usiku kucha; likitoka zito, limenywa maji na litamzamisha mvaaji. Livae, funga mikanda yote, kisha mtu akuvute juu mabegani: likipanda mpaka masikioni ni kubwa mno.

Makasia mawili na la tatu la akiba, na pondo (mti wa kusukumia boti) la mita 4 kwa sehemu za kina kifupi. Kopo la kukumba maji lifungwe kwa kamba, vinginevyo boti ikipinduka linaondoka na maji. Nanga ya makucha hunasa kwenye visiki na unaishia kukata kamba. Jiwe la kilo 15 ndani ya wavu mzito linatosha, na kamba iwe mara tano ya kina. Tochi mbili na filimbi. Taa ya usiku ni lazima, kwa sababu nyavu za wenzako hazionekani na wao hawakuoni.

Kuhusu nyavu, usinunue kabla ya kumwona afisa uvuvi akutajie ukubwa wa macho unaoruhusiwa bwawani. Nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) na kokoro (wavu wa kukokota) zimepigwa marufuku, hata kama muuzaji anasema kila mtu anatumia. Wavu wa mita 100 uliovutwa ukiunga kwenye kamba ya mita 50, macho yanafunguka vizuri kwa perege. Ukiunga kwenye kamba ya mita 80, macho yanavutika kwa upana na kubana kwa kimo, na samaki anarudi alikotoka.

Injini

Nguvu za farasi 15 zinatosha kwa mita 7. Pima kwanza kibao cha nyuma. Cha sentimita 38 ni cha shafti fupi, cha 51 ni cha shafti ndefu. Bamba lililo juu ya pangaboi liwe sawa na tumbo la boti au sentimita 2 chini. Likikaa juu, pangaboi linakoroga hewa. Likikaa chini sana, linatafuta visiki.

Injini nyingi za stroki mbili zinataka mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani nusu lita kwa dumu la lita 25. Ikiwa mpya, fuata kitabu chake, kwani mara nyingi oili huongezwa mara mbili saa za mwanzo. Ukiwa majini, tazama maji ya kupoza yanayochuruzika nyuma ya injini. Yakikata, zima papo hapo: tope au majani yameziba mdomo wa kunyonya maji, au impela (gurudumu dogo la mpira linalosukuma maji hayo) imeisha. Beba plagi mbili, kamba ya kuwashia na impela ya akiba.

Karatasi

Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009. Unahitaji chombo kilichosajiliwa na leseni inayohuishwa. Kwa boti iliyotumika, nenda na muuzaji mpaka kwa afisa uvuvi wa halmashauri yake, namba iliyoandikwa ubavuni ilinganishwe na cheti, jina libadilishwe, ndipo ulipe. Ulizia hapo hapo kama uvuvi bwawani umesimamishwa kwa muda, na upite kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo (mahali pa kuegesha boti) utakaotumia. Hao ndio watakaokuonyesha viboko wanapopitia jioni, na ni upande gani wa kuingilia visiki.